AM ilivyotaka kupiga ngoma kama FM

Ukienda shags umkute guka amewasha redio kwenye AM, utadhani mtangazaji amejifunika blanketi. Sauti haina makali, na mvua ikinyesha kila radi inaingia katikati ya taarifa bila kubisha hodi. Ukimwambia kijana wa mtaani kwamba AM iliwahi kupiga muziki wa stirio, gitaa kushoto na kinanda kulia, atakucheka.

Lakini ilitokea, huko Marekani.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, wapenda muziki wa nchi hiyo walikuwa wakihamia FM, iliyokuwa na stirio tangu 1961. Wenye vituo vya AM wakaona soko linawaponyoka, nao wakataka stirio yao. Wahandisi walikuwa tayari. Kampuni ya Motorola ilikuja na mfumo uitwao C-QUAM. Naye mhandisi Leonard Kahn alikuwa na wake, na huu ndio ulionivutia zaidi: ungeweza kuchukua redio mbili za kawaida, moja ukaishika chini kidogo ya kituo na nyingine juu kidogo, ukaziweka kushoto na kulia, na hiyo tayari ni stirio!

Je, ilisikika vipi? Mchana, karibu na mnara, kwa redio nzuri, ilikaribia FM. Usiku mambo yaliharibika. Mawimbi ya AM hupaa, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini yakiwa yamevurugika, hivyo mwimbaji angeweza kusikika akiyumba kutoka spika moja hadi nyingine kama abiria aliyesimama kwenye matatu.

Kilichoiua, kwa maoni yangu, ni uoga wa ofisini. Mwaka 1980 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilichagua mfumo wa Magnavox. Malalamiko yakamiminika. Mwaka 1982 tume ikanawa mikono: soko liamue. Sasa wewe mwenye duka la redio ungeagiza ipi, wakati kituo hiki kinatumia Kahn na jirani yake C-QUAM? Wengi hawakuagiza yoyote. Australia haikungoja vurugu hizo. Ilichukua C-QUAM na kuanza kutangaza mwaka 1985. FCC yenyewe iliikubali C-QUAM mwaka 1993, wakati vituo vingi vya AM vilikuwa vishageukia mazungumzo, na porojo hazihitaji spika mbili.

Lile blanketi nalo? Kosa si la kituo peke yake. Ili kuzuia kelele za vituo jirani, watengenezaji wa redio za bei nafuu huikata sauti yote iliyo juu ya kilohezi 3 au 4 hivi, na FM hufika 15. Matoazi yanapotelea hapo.

Ukirudi shags, kama bado kuna kituo cha AM kinachoshika, omba ruhusa kwa guka kisha usogeze kitufe kando kidogo tu ya kituo. Utasikia herufi "s" zikichomoza, pamoja na mikwaruzo. Zilikuwa zikitumwa muda wote huo. Redio ndiyo iliyokuwa ikizikata.