Kuku wa Kienyeji Hataki Haraka

Kuku wa kienyeji tunayemnunua hapa Mweso amejitafutia maisha yake yote: mchwa, punje za mahindi zilizodondoka wakati wa kupukuchua, makombo ya bugali. Kwa kutembea huko nyama yake imepata ladha, na imekuwa ngumu pia. Ukimpika kwa haraka kama kuku wa kisasa, anayechinjwa akiwa na wiki 6 hivi, utaishia kulaumu jiko.

Kabla ya kulipa, mshike kifuani, bonyeza ncha ya mfupa wa kidari. Ikipinda, huyo ni mchanga. Ikiwa ngumu, ni mkubwa, na mimi namtaka huyo mkubwa, tetea aliyekwisha kutaga sana. Nikishamnyonyoa kwa maji ya moto, nampitisha juu ya ndimi za moto vile vinyoya vidogo viishe na ngozi ibabuke kidogo. Harufu ya mchuzi inaanzia hapo. Miguu na shingo haitupwi hata kidogo. Hiyo ndiyo inayoufanya mchuzi unate midomoni.

Namkata, namtia sufuriani na chumvi, kitunguu na tangawizi, kisha napunguza makaa. Maji yatokote taratibu, saa 2 au zaidi. Zile kano zinazoshikilia nyama huyeyuka polepole. Moto mkali huikausha nyama kabla kano hazijalegea. Vidonge vya supu vya dukani sivitumii. Kuku wa namna hii ana ladha yake, kwa nini niifunike?

Mwamba, yaani mchuzi wa ngazi, nilifundishwa na mama mkwe wangu, mtu wa Walikale, kule kwenye msitu ambako michikichi inastawi kuliko huku milimani Masisi. Chemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, mpaka maganda yalainike. Zitwange kinuni kwa mkono mwepesi, kokwa zisipasuke. Mimina maji ya vuguvugu, kamua kwa vidole, chuja makapi yote. Maji hayo mazito mekundu yamwagie kuku aliyekwisha kulainika, pamoja na nyanya, kitunguu, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Acha sufuria wazi. Mafuta mekundu yakielea juu, mwamba umeiva. Ukitumia mawese ya chupa peke yake utapata mafuta, lakini uzito ule hutaupata.

Yule mchanga mwenye kidari kinachopinda, mfunge kwenye majani ya mangongo. Yapitishe kwanza motoni yalegee, yasije yakachanika. Nyama iwe vipande vidogo, imepakwa chumvi, kitunguu na pilipili. Funga kwa kamba ya mgomba, weka kando ya makaa, ukigeuzageuza. Maji usitie. Nyama itaiva kwa mvuke wake yenyewe.

Vyote viwili huliwa na bugali ya muhogo. Mchuzi wa mwamba ukibaki, kesho yake upikie birai, yaani viazi, za Masisi, ila onja kwanza kabla ya kuongeza chumvi, maana mchuzi uliolala huwa umekolea.