Alamisho, Kabrasha na Lebo

Katika kutafsiri maelezo ya vivinjari, yaani programu za kusomea kurasa za intaneti, maneno matatu huchanganywa mara kwa mara. Yafaa kila moja liwekewe mpaka wake.

Alamisho ni anwani ya ukurasa iliyowekwa akiba ili msomaji aurudie bila ya kuutafuta upya. Kazi yake ni ile ya uzi utiwao kitabuni. Kabrasha ni mahali pa kutunzia alamisho. Lebo ni neno alibandikalo msomaji mwenyewe juu ya alamisho ili kueleza yahusuyo ukurasa huo.

Alamisho hukaa katika kabrasha moja, kama jalada katika kabati la ofisi, lakini yaweza kubeba lebo nyingi. Mathalani, mwalimu aliyehifadhi ukurasa wa methali za wakulima aweza kuupa lebo za "methali", "kilimo" na "kidato cha pili", akaupata kwa lolote kati ya hayo. Kivinjari cha Firefox kilipata utaratibu huu katika toleo la 3 la mwaka 2008. Humo lebo hutenganishwa kwa mkato.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye "futa alama" kwa mambo yote mawili humponza mtumiaji. Kufuta lebo huiacha alamisho salama; kufuta alamisho ni kuipoteza anwani yenyewe.

Hata mtumiaji naye hana budi kusanifisha lebo zake. Atumiaye leo "kilimo" na kesho "ukulima" huigawa habari moja mafungu mawili, asipate lote kwa mara moja. Dhana moja na ipewe neno moja.