Chui, mbuzi na majani: Kwa nini mtoto mdogo hushindwa na fumbo analoliweza

Mzazi anayemtegea mtoto kitendawili jioni na mwalimu anayempa fumbo la mantiki asubuhi hudhaniwa mara nyingi kuwa wanafanya kazi moja. Sivyo. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango hakifumbuliwi kwa kufikiri hatua kwa hatua. Anayejibu kwamba ni yai ni yule aliyewahi kukisikia, au aliyebahatika kuuona mfanano huo papo hapo. Asiyejua hutoa mji, na mtegaji akishapewa mji wake hulitaja jibu mwenyewe. Fumbo la mantiki ni jambo jingine. Jibu lake limo ndani ya maneno yaliyokwisha kusemwa, na mtoto ambaye hajapata kulisikia ana nafasi ya kulifikia kama mtu mwingine yeyote.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa familia zinazozungumza Kiswahili katika nchi ambako shule hufundisha kwa lugha nyingine. Mtoto wa Buyenzi mjini Bujumbura, au wa Nyamirambo mjini Kigali, huenda akalala na Kiswahili na kuamkia lugha nyingine darasani. Akiulizwa fumbo huko akanyamaza, ni rahisi watu wazima kuamua kwamba akili yake ni nzito. Utafiti wa zaidi ya nusu karne sasa unaonyesha kwamba uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno. Uwezo wa kufikiri umo. Kinachomwangusha mtoto ni namna swali linavyoulizwa.

Vijiti vitano

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alifundisha kwamba mtoto aliye chini ya takriban miaka 7 hawezi kuunganisha taarifa mbili ili apate ya tatu. Ukimwambia kwamba Asha ni mrefu kuliko Juma, na Juma ni mrefu kuliko Neema, hawezi kukuambia kwa hakika ni nani mrefu kati ya Asha na Neema. Kwa miaka mingi maneno hayo yalichukuliwa kama kanuni.

Mwaka 1971 Peter Bryant na Tom Trabasso walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililoitikisa kanuni hiyo. Waliwapa watoto, wadogo wao wakiwa na miaka 4, vijiti vitano vya rangi na urefu tofauti, wakiwafundisha viwili viwili: hiki ni kirefu kuliko hiki, na hiki kuliko kile. Jambo walilolisisitiza ni kurudia. Kila jozi ilirudiwa mpaka mtoto ameishika barabara. Ndipo alipoulizwa kuhusu vijiti viwili ambavyo hakuwahi kuviona vikilinganishwa, na hata watoto wa miaka 4 walijibu vizuri kuliko ambavyo kubahatisha kungewawezesha.

Idadi ya vijiti haikuchaguliwa ovyo. Vingekuwa vitatu, cha kwanza kingeitwa kirefu daima na cha mwisho kifupi daima, na mtoto angeweza kujibu kwa kukariri majina hayo tu, bila kufikiri. Katika vitano, cha pili na cha nne vyote vimewahi kuitwa kirefu na vyote vimewahi kuitwa kifupi. Anayevipanga sawasawa hana budi kupitia kile cha katikati.

Tatizo, basi, lilikuwa kumbukumbu. Mtu mzima husema sentensi tatu kwa mkupuo, kisha hudai jibu; mtoto akifika sentensi ya tatu, ya kwanza imekwisha kumponyoka. Na kama sentensi hizo zimesemwa kwa lugha ambayo bado anaitafuta maana neno kwa neno, kinachopimwa hapo ni lugha. Dawa yake haina gharama: kila taarifa iwekewe alama inayoonekana, iwe jiwe, kokwa au kijiti, na alama hizo zibaki mkekani mpaka jibu lipatikane.

Ng'ombe waliolala

Kizuizi cha pili ni maneno ya swali lenyewe. Piaget alipenda kuwaonyesha watoto kundi la vitu vya aina mbili na kuuliza kama sehemu moja ni nyingi kuliko kundi zima. Wengi walikosa. Mtafiti James McGarrigle alilijaribu swali hilo kwa ng'ombe wanne wa kuchezea, watatu weusi na mmoja mweupe, wote wamelazwa ubavu, naye akawaambia watoto kwamba ng'ombe hao wamelala. Matokeo yake yamesimuliwa na Margaret Donaldson katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 kuhusu akili za watoto. Watoto, ambao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 6, walipoulizwa kama walio wengi ni ng'ombe weusi au ng'ombe, asilimia 25 ndio waliojibu sawa. Walipoulizwa kama walio wengi ni ng'ombe weusi au ng'ombe waliolala, waliopata walifika asilimia 48.

Ng'ombe walikuwa wale wale na hesabu ile ile. Kilichoongezeka ni neno moja. Na kwa kweli swali la kwanza ni geni hata kwa mtu mzima. Hakuna anayerudi kutoka malishoni akauliza kama ng'ombe weusi ni wengi kuliko ng'ombe. Mtoto anayesikia ugeni huo hudhani ameulizwa kulinganisha weusi na weupe, akajibu swali hilo lenye maana, na akahesabiwa amekosa. Anayeuliza kwa Kiswahili ana neno dogo la kumsaidia: ng'ombe wote.

Kwa watoto wadogo zaidi, huenda ni bora maneno yapunguzwe mpaka yabaki machache sana. Shilpa Mody na Susan Carey walichapisha mwaka 2016 jaribio la vikombe vinne ambalo linaweza kufanyika jikoni kwa njugu mbili. Vikombe hupangwa jozi mbili, na nyuma ya kizuizi kitu kimoja hufichwa katika kila jozi, mtoto asione kimeingia kikombe kipi. Kisha kikombe kimoja hufunuliwa, nacho ni kitupu. Mtoto aruhusiwe kuchagua kimoja tu. Mwenye kufikiri hakigusi kikombe chochote cha jozi ya pili, maana huko ni kubahatisha. Huchukua mwenzake kile kitupu, kwa sababu kama njugu haimo humu, lazima imo mle. Watoto wa miaka 3 waliweza. Wa miaka miwili na nusu bado.

Samaki wanaoishi mitini

Kizuizi cha tatu ndicho kilichowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu kuliko vyote, nacho hakiwahusu watoto peke yao. Katika miaka ya 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda Uzbekistan kuwahoji wanakijiji ambao wengi hawakuwa wamesoma. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi walikataa kujibu. Walisema wamewaona dubu weusi tu, na kwamba mtu asizungumzie asichokiona.

Wako waliosoma majibu hayo kama dalili ya kukosa mantiki. Ni usomaji wa haraka. Anayesema kwamba hawezi kulitolea neno jambo ambalo hakulishuhudia amefikiri vizuri sana. Alichokikataa ni mchezo wa kuyachukua maneno ya mgeni kama kwamba ni kweli. Mtoto wa miaka 5 hufanya vivyo hivyo. Mwambie kwamba samaki wote huishi mitini, na kwamba Toti ni samaki, kisha uulize Toti anaishi wapi. Atajibu kwamba anaishi majini, tena kwa kukuonea huruma.

Maria Dias na Paul Harris walionyesha, katika kazi zilizochapishwa mwaka 1988 na 1990, kwamba hali hubadilika mtoto akifahamishwa kwanza kwamba hayo ni mambo ya mchezo, au ya sayari nyingine, au yakisemwa kwa sauti ya msimulizi wa hadithi. Hapo watoto wa miaka 4 hadi 6 huikubali dunia ya samaki wa mitini na kufuata kanuni zake, wakaeleza na sababu: Toti yuko mtini kwa kuwa samaki wote wako mitini.

Msikilizaji aliyelelewa kwa Kiswahili atautambua ufunguo huo. Msimulizi akiita "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", wote wamekwisha kukubaliana kwamba sungura atasema na simba atadanganywa, na hakuna atakayenyanyua mkono kudai ushahidi. Vitabu vya mazoezi huanza kwa "Jibu maswali yafuatayo", maneno ambayo hayajulikani kumfungulia mtoto mlango wowote.

Mtoni

Ndiyo maana fumbo mashuhuri kuliko yote ya aina hii husimuliwa kama kisa. Mtu mwenye mtumbwi mdogo anavusha mizigo mitatu, na baadhi yake haiwezi kuachwa pamoja. Ulaya hao ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na fumbo limo katika mkusanyo wa Kilatini wa maswali ya kuwanoa vijana unaonasibishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa Zanzibar, wanaovuka ni chui, mbuzi na majani.

Kwa mtoto mdogo, mtumbwi ubebe kwanza mizigo miwili pamoja na mwenyewe. Anawavusha chui na majani, ambavyo havina ugomvi, anarudi, anamchukua mbuzi. Safari tatu, na mtoto ameshashika kanuni. Kisha mtumbwi upunguzwe uchukue mzigo mmoja. Sasa mbuzi hutangulia, mwenye mtumbwi hurudi mtupu, huvusha majani, na hapo wengi hukwama, kwa sababu hatua inayofuata ni kumrudisha mbuzi alikotoka. Kurudi nyuma humwonekea mtoto kama kuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Anayethubutu kumrudisha humwacha mbuzi, humvusha chui, hurudi mtupu tena, na humfuata mbuzi kwa safari ya saba. Asiharakishwe hapo. Vipande vitatu vya karatasi na kifuu cha nazi vinatosha, na ni heri avisogeze yeye mwenyewe, akosee, mbuzi aliwe mara mbili tatu.

Kipo kisa cha nne ambacho watu wazima hukisahau. Katika kitabu chao cha mwaka 1920 kuhusu Waila wa Zambia ya leo, Edwin Smith na Andrew Dale waliandika habari za mtu mwenye chui, mbuzi, panya na kapu la nafaka, na mtumbwi unaobeba kimoja tu. Alifikiri amwache yupi. Kwa kuwa aliwahesabu wanyama hao kama watoto wake, hakuweza kumwacha yeyote, akabaki ng'ambo ile ile. Na hesabu iko upande wake. Chui humla mbuzi, mbuzi na panya hula nafaka. Akichukua chochote katika safari ya kwanza, nyuma yake hubaki wawili wasiopatana. Mtoto akivisogeza vipande vyake vinne kwa muda, kisha akasema kwamba haiwezekani, aulizwe kwa nini. Akiweza kuonyesha kila mzigo unaoweza kutangulia na nani ataliwa nyuma yake, fumbo hilo amelimaliza.