Kwenda Kua peke yako: hesabu maji kwanza

Msafiri anayekimbia msongamano wa Chichén Itzá kule Mexico hukodi gari, akaingia barabara za msituni kutafuta miji ya Wamaya isiyofikiwa na mabasi ya watalii. Kwetu msongamano wa namna hiyo haupo hata Kilwa Kisiwani, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Anayetaka magofu yasiyotajwa sana, na anataka kwenda mwenyewe, aelekee Mafia. Huko gari litamfikisha nusu ya njia tu.

Ukitazama ramani, kaskazini-magharibi mwa kisiwa kikuu utaona kinukta kinachoitwa Shungimbili. Usikiingize kwenye ratiba. Ni eneo tengefu la bahari, na nyumba iliyopo ni ya kifahari, hukodishwa pamoja na kisiwa chote. Bajeti ya mtu mmoja haifiki huko, wala si mahali pa kushusha nanga bila kibali.

Kinachotafutwa kiko kusini. Ras Kisimani palikuwa na mji wa enzi za Kilwa; mwanaakiolojia Neville Chittick alipachimba, na ripoti yake ikatoka 1961. Bahari imekwisha kula sehemu kubwa, kwa hiyo aliyezoea kuta ndefu atavunjika moyo. Mimi ningeipa Kisimani nusu siku, na siku nzima ningeiweka kwa Kua.

Kua iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani: jumba la watawala, misikiti kadhaa, makaburi na nyumba za matumbawe na chokaa, vyote vikiwa ndani ya vichaka na mibuyu. Mji ulivunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska. Utasimuliwa pia kisa cha watu wa Kisimani waliozindua jahazi juu ya miili ya watoto wa Kua, na cha Kua kulipiza kwa kuwaalika arusini kisha kuwajengea ukuta wakiwa chumbani. Sikiliza kwa makini, ila usikichukue kama kumbukumbu ya tukio; kwangu ni ushahidi wa uhasama wa miji miwili iliyogombea bahari moja.

Njia ni hii: kivuko cha Nyamisati au ndege hadi Kilindoni, kisha barabara ya lami hadi Utende. Hapo ni lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Lipa ada, uweke stakabadhi. Kuanzia Utende ni mashua.

Sasa maji. Njia ya kuingia Kua ni ya mikoko na maji mafupi, na mashua ikiachwa na maji itakaa matopeni mpaka yajae tena. Wageni wengi hudhani bamvua ndiyo siku njema kwa kuwa maji hujaa sana. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka kabisa katikati ya asubuhi, saa ileile unayotaka kushuka. Kila siku kujaa huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, au 23 hadi 25, maji hujaa kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Ni maji mafu, hayapandi sana, lakini pia hayashuki sana, na mkondo hauwi mkali. Chagua siku hizo, kisha mwulize nahodha. Yeye ndiye anayejua mchanga umehamia wapi. Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari, Machi hadi Mei ni masika.

Usafiri wa peke yako una gharama: mashua hulipwa nzima hata ukiwa abiria mmoja. Uliza Utende jioni kama kuna wanaokwenda Juani kesho. Mwachie mwenyeji wako jina la nahodha na saa ya kurudi, na uchukue mwongozaji Juani, kwa sababu vichaka huficha visima. Usipande kuta. Vigae vya vyungu utavikuta miguuni. Viache hapohapo, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kigae kikishahamishwa hakimsaidii tena mchimbaji kujua tabaka lake.