Kwa Nini Chakula Humkwama Mwenzetu

Wasomaji wenzangu, bwaloni hakosekani mtu anayechekwa kwa kula polepole. Hutafuna nyama muda mrefu, na kila tonge hulisukuma kwa maji. Wengi husema ana madaha. Pengine ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nataka kuueleza.

Umio ni njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni. Katika damu yetu mna chembe nyeupe za namna nyingi, na namna moja huitwa eosinofili. Kwa mtu mzima wa afya, hizo hazikai katika umio. Lakini wako watu ambao miili yao huona maziwa, ngano au mayai kuwa ni adui. Ndipo chembe hizo hukusanyika umioni. Umio huvimba, na miaka ikipita bila matibabu huwa mgumu na mwembamba, hata chakula kikakwama.

Kwa kila mwanamke mmoja mwenye ugonjwa huu, wanaume ni kama watatu. Sehemu ya sababu ni urithi. Mwaka 2010 wataalamu walitambua kuwa unahusiana na jeni iitwayo TSLP, itoayo ujumbe wa kuziamsha chembe hizo. Jeni ya kuupokea ujumbe huo imo katika kromosomu X na Y, zile zinazotenga mume na mke. Na badiliko moja la jeni hiyo lilionekana kuandamana na ugonjwa kwa wanaume tu.

Hata hivyo urithi si hukumu. Pacha walichunguzwa Marekani, na habari zao zikatolewa mwaka 2014. Mmoja akiugua, pacha wake wa kufanana kabisa huugua kwa kadiri ya 41 katika 100. Pacha asiyefanana naye 22. Ndugu wa kawaida 2 hivi tu. Fikirini: pacha wasiofanana hawashiriki urithi kuliko ndugu wengine, ila wamekaa tumbo moja na kulelewa wakati mmoja. Basi malezi ya utotoni nayo yana nguvu kubwa.

Kwa hiyo, ambaye chakula humkwama mara kwa mara, hasa akiwa na pumu, asichekwe bali apelekwe kwa daktari. Daktari huutazama umio kwa mpira mwembamba wenye taa. Dawa zipo, na wengine hupata nafuu kwa kuacha chakula kinachowadhuru. Kicheko chetu ndicho kinachomfanya mgonjwa afiche shida yake mpaka umio ukazibana.