Mpangilio wa Majibu katika Menyu za Programu za Ubunifu

Programu nyingi za ubunifu zina kisanduku cha kutafutia amri. Mtumiaji huandika herufi chache za jina la amri anayoitaka, orodha ya majibu hujitokeza chini yake, naye hubonyeza Enter. Blender hukifungua kwa kitufe cha F3, GIMP kwa alama ya mkwaju, Inkscape kwa alama ya kuuliza tangu toleo la 1.1 la mwaka 2021, LibreOffice kwa Shift na Esc tangu toleo la 7.2 la mwaka huohuo, na Photoshop kwa Ctrl na F tangu mwishoni mwa 2016. Kwa nje visanduku hivi vinafanana. Kinachovitofautisha ni uamuzi ambao mtumiaji hauoni: amri ipi iwekwe ya kwanza, ipi ya pili, na ipi isionyeshwe kabisa. Uamuzi huo huchangia sana kuifanya programu iwe nyepesi au nzito mkononi.

Uzito wake huonekana vizuri mahali penye kazi za haraka. Katika maduka ya steshenari na studio za Bukoba mjini, na vilevile Muleba, Kamachumu na Nshamba mkoani Kagera, kompyuta hutumika kutengeneza kadi za harusi na za mchango, picha za pasipoti, mabango ya mahafali, fulana za misiba na lebo za pakiti za kahawa. Mara nyingi mashine moja hutumiwa na watu wawili au watatu kwa zamu, menyu zake ni za Kiingereza, na mteja amesimama kaunta akisubiri kazi yake. Mwezi Desemba, wenyeji wa Kagera wanaoishi mikoa mingine wanaporudi nyumbani na harusi kufuatana, foleni huwa ndefu zaidi. Katika hali hiyo, amri iliyowekwa mahali pabaya kwenye orodha hula muda wa mfanyakazi na wa mteja pia.

Nguvu ya nafasi ya kwanza

Jibu la kwanza huaminiwa kuliko linavyostahili. Mwaka 2005, Thorsten Joachims na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti uliofuatilia macho ya wanafunzi walipokuwa wakitafuta habari kwenye intaneti. Watafiti walipogeuza mpangilio na kuweka majibu dhaifu juu, wanafunzi bado walielekea kubofya yaliyokuwa juu. Nafasi yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa ushahidi wa ubora.

Katika menyu ya programu, athari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, jibu la juu kwa kawaida huwa limeshachaguliwa tayari, na Enter hulitekeleza papo hapo bila mtumiaji kugusa kipanya. Pili, anayefungua ukurasa asioutaka kwenye intaneti hurudi nyuma bila hasara, ilhali amri isiyotakiwa hubadilisha kazi iliyoko mezani. Katika GIMP, kwa mfano, amri ya "Flip Horizontally" hugeuza picha upande wa pili, na "Flatten Image" huunganisha matabaka yote ya kazi kuwa moja. Zote mbili huanza kwa herufi f na l. Anayeandika herufi hizo mbili na kubonyeza Enter kwa haraka anaweza kuunganisha matabaka ya kadi ya harusi akidhani amegeuza ua la pembeni. Akigundua mapema, Ctrl na Z humrudisha. Akihifadhi na kufunga faili kabla ya kugundua, majina ya maharusi, tarehe na ukumbi havihaririki tena, na kadi ya mteja anayefuata haiwezi kutengenezwa kwa kiolezo hicho.

Hivyo kanuni ya kwanza ya mpangilio mzuri inahusu usalama. Amri mbili zinapolingana kwa maandishi, ile inayoharibu kidogo, au inayorekebishika kwa urahisi, inastahili kutangulia.

Namna programu inavyopima ulinganifu

Kipimo cha msingi ni maandishi yenyewe. Amri inayoanza na herufi zilizoandikwa hupewa alama nyingi. Inayozibeba mwanzoni mwa neno la pili au la tatu hupewa chache. Inayozificha katikati ya neno hupewa chache zaidi. Kipimo hiki ni chepesi kwa kompyuta, na mtumiaji hukielewa bila kufundishwa.

Udhaifu wake ni kwamba hakisamehe makosa. Ndiyo maana programu huongeza kipimo cha umbali kati ya maneno, kilichoelezwa na mwanahisabati wa Kirusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Umbali huo ni idadi ndogo kabisa ya marekebisho yanayohitajika ili neno moja liwe jingine: kuongeza herufi, kuondoa, au kubadilisha. Mwaka mmoja kabla, Fred Damerau alikuwa ameonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalitokana na kosa moja tu: herufi iliyoachwa, iliyozidi, iliyobadilishwa, au mbili za jirani zilizopishana. Blender iliboresha utafutaji wake kwa njia ya namna hii katika toleo la 2.91 la Novemba 2020, hata ikaweza kuvumilia makosa ya uandishi na kutambua amri kwa herufi za mwanzo za maneno yake.

Kipimo hiki kina dhana iliyojificha: kwamba anayeandika anaijua tahajia ya Kiingereza na kidole tu ndicho kilichoteleza. Anayeandika Kiingereza kwa sikio la Kiswahili hukosea kwa utaratibu mwingine. Humalizia neno kwa irabu na huvunja konsonanti zilizoshikana. Neno "kropu" liko marekebisho mawili mbali na "Crop", na "burashi" liko matatu mbali na "Brush". Programu inayokubali kosa moja tu katika neno fupi itayatupa yote mawili na kuacha orodha tupu, ingawa dhamira ya mwandishi iko wazi kabisa.

Herufi l na r nazo hupishana kwa wasemaji wengi wa lugha za Kibantu za ukanda wa Ziwa Victoria. Mtu anayetaka "Blur", amri ya kutia ukungu nyuma ya picha, akaandika "brur", atasaidiwa na kipimo cha umbali, kwa sababu ni herufi moja tu iliyobadilika. Lakini akiishia kwenye "bru", kipimo cha mwanzo wa neno humpa "Brush" kwa alama kamili, na amri aliyoitaka inaweza isionekane kabisa. Tiba haihitaji ufundi mkubwa: kubadilishana kwa l na r, c na k, pamoja na irabu ya mwisho iliyozidi, kuhesabiwe kuwa kosa dogo kuliko makosa mengine. Wabunifu wa programu wanaoipuuza hatua hiyo huwafungia mlango watu wanaojua kazi yao vizuri, kwa sababu tu ya tahajia.

Historia ya matumizi na uthabiti wa orodha

Kipimo kinachofuata ni mazoea. Amri iliyotumika jana ina uwezekano mkubwa wa kutakiwa leo. Andrew Sears na Ben Shneiderman, katika utafiti wa mwaka 1994, walijaribu menyu zilizogawanywa mara mbili, sehemu ya juu ikiwa na amri chache zinazotumika zaidi. Muda wa kuchagua ulipungua kwa kati ya asilimia 17 na 58. GIMP huhifadhi historia ya amri zilizotafutwa na kutumiwa, na Blender tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023 huonyesha utafutaji wa karibuni juu ya orodha.

Hata hivyo, menyu inayojibadilisha bila mpaka huwachosha watu. Office 2000 ya Microsoft ilificha amri zisizotumika mara kwa mara na kuzipandisha zile zinazotumika. Watumiaji wengi walilalamika kwamba amri walizozizoea hazikuwa tena mahali pake, na mtindo huo ukaachwa katika Office 2007. Mkono hujifunza nafasi kabla jicho halijamaliza kusoma. Menyu inayohamisha amri zake kila siku ni kama duka ambalo mwenyewe hupanga rafu upya kila asubuhi: bidhaa zote zipo, lakini hakuna mteja anayeweza kuzichukua bila kuuliza.

Kompyuta ya zamu huongeza tatizo hilo. Historia huwekwa kwa akaunti ya kompyuta, na katika duka dogo watu wote hutumia akaunti moja. Anayeshinda asubuhi akikata picha za pasipoti huiachia programu mazoea yake, na wa mchana anayepanga kadi huyakuta juu ya orodha. Herufi zilezile mbili zinazompa mmoja amri ya kukata zinaweza kumpa mwenzake kitu kingine wiki inayofuata. Nafuu iliyo karibu ni kumfungulia kila mfanyakazi akaunti yake kwenye mfumo wa kompyuta, au kufuta historia kwenye mipangilio pale programu inaporuhusu, kama GIMP inavyoruhusu. Kwa upande wa wabunifu wa programu, historia inafaa kutumika kuamua kati ya amri zilizolingana alama, na isiruhusiwe kuipita amri ambayo jina lake limeandikwa kwa usahihi.

Yanayostahili kuonekana

Orodha huharibika pia kwa kubeba yasiyohusika. Amri isiyoweza kutumika kwa wakati huo, kwa mfano ya kuhariri maandishi wakati tabaka lililochaguliwa ni picha, haifai kukaa juu. GIMP humwachia mtumiaji achague kama amri za aina hiyo zionyeshwe au la. Kwa anayejifunza, kuziona zikiwa zimefifia chini ya orodha kuna faida: anajua kwamba amri ipo, na kwamba kuna jambo la kufanya kwanza.

Biashara nayo huingia. Utafutaji wa Photoshop ulipoanza ulichanganya amri za programu, masomo na picha za kununua katika kisanduku kimoja, ukivigawa kwa vichupo. Canva huchanganya vipengele vya bure na vya kulipia, vya kulipia vikiwa na alama. Kwa mbunifu wa Muleba anayetumia akaunti ya bure, kila jibu la kulipia lililotangulia ni hatua ya ziada kabla ya kupata linalomfaa. Isitoshe, Canva hutegemea intaneti. Mtandao ukiwa mzito, majibu mapya yanaweza kuingia orodhani wakati kidole kimeshaelekea kubofya. Orodha ikishaonekana, inafaa itulie, na majibu yanayochelewa yaongezwe chini.

Lugha ni suala jingine. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilifungua njia, lakini utafutaji unadai hatua ya ziada. Mafundi wengi hufundishana kazi kwa majina ya Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili, kwa hiyo kila amri inafaa itambuliwe kwa majina yote mawili, lugha yoyote itakayokuwa imechaguliwa.

Mwisho, kila jibu linapaswa kuonyesha amri inakaa menyu gani. Blender ilifanya hivyo katika toleo la 2.90 la Agosti 2020, pale utafutaji ulipoanza kupitia menyu zenyewe na kuonyesha njia ya kuifikia kila amri. Mtumiaji hupata alichokitaka na papo hapo hujifunza mahali pake, hata akakutana na amri jirani ambazo hakujua kuwa zipo.

Kuupima mpangilio

Ubora wa mpangilio unaweza kupimwa dukani bila vifaa maalumu. Huorodheshwa amri kumi zinazotumika zaidi, kisha kila moja hutafutwa kwa herufi tatu za mwanzo na kuhesabiwa ngapi zimekuja za kwanza. Zoezi hilo hurudiwa kwa tahajia ambazo wafanyakazi huziandika kweli, zikiwamo zenye makosa. Baada ya wiki moja ya matumizi ya kawaida, hurudiwa tena ili kuona ni amri zipi zimehama. Amri zinazokosekana au kuyumba hupewa vitufe vya mkato vya kudumu, jambo ambalo Photoshop, GIMP, Inkscape, Blender na LibreOffice zote huruhusu, na orodha ya vitufe hivyo hubandikwa karibu na kompyuta ili wafanyakazi wa zamu zote waitumie kwa namna moja.