Agirodaiti: Madini Yaliyoficha Elementi

Umekokotoa asilimia za elementi katika kampaundi, ukajumlisha, ukapata 93 badala ya 100. Utafanya nini? Watahiniwa wengi huongeza namba hapa na pale mpaka hesabu ikae. Mkemia Clemens Winkler alipata jumla ya namna hiyo mwaka 1886, akakataa kuilazimisha.

Madini aliyokuwa akiyachunguza yalipatikana mwaka 1885 katika mgodi wa Himmelsfürst, karibu na mji wa Freiberg, Ujerumani. Yaliitwa agirodaiti, kutokana na Kigiriki, kwa maana ya "yenye fedha nyingi". (Fedha hapa ni metali, Ag, si noti za mfukoni.) Winkler alipata fedha na salfa, lakini kila aliporudia uchunguzi takriban asilimia 7 haikuonekana. Februari 1886 aliitenga elementi iliyokosekana, akaiita jerimaniamu, Ge, kwa jina la nchi yake. Mwanzoni yeye mwenyewe alidhani inajaza pengo kati ya antimoni na bismuthi. Kumbe ilikuwa ile ambayo Mendeleev aliitabiri mwaka 1871, chini ya silikoni. Mendeleev alikadiria uzito wa atomu 72 na densiti 5.5, thamani za leo ni 72.6 na 5.3.

Sasa fanya kazi ya Winkler kwa kalamu yako. Agirodaiti ina Ag 76.5%, Ge 6.5% na S 17.0%. Gawanya kila asilimia kwa uzito wa atomu (Ag = 108, Ge = 73, S = 32): utapata 0.708, 0.089 na 0.531. Gawanya zote kwa iliyo ndogo, 0.089, upate karibu 8, 1 na 6. Fomula ni Ag₈GeS₆. Ihakiki kwa chaji: 8(+1) na +4 ni +12, salfa sita za −2 ni −12. Uhakiki huu huchukua nusu dakika, usiuache.

Likivunjwa sasa hivi, jiwe hili lina rangi ya chuma yenye wekundu kidogo na mng'ao wa metali; likikaa hewani huwa jeusi. Ni laini, ugumu wake ni karibu 2.5 katika skeli ya Mohs, hivyo sarafu ya shaba hulikwaruza. Hata hivyo ni zito: densiti yake ni zaidi ya mara sita ya ile ya maji. Usichanganye ugumu na densiti.

Hutokea katika mishipa ya miamba. Maji ya moto yenye metali hupenya nyufa chini ya ardhi, na yakipoa huacha sulfidi, ndiyo maana agirodaiti hukutwa pamoja na sulfidi za risasi na zinki. Mbali na Freiberg, imepatikana Bolivia. Ni adimu mno kuwa chanzo cha jerimaniamu ya viwandani, ambayo kwa kiasi kikubwa ni zao la ziada la kusafisha zinki. Kipushi, kusini mwa Congo, ni mgodi mmoja unaojulikana kwa madini ya zinki yenye jerimaniamu.

Zoezi: Katika kanfildaiti, Ag₈SnS₆, bati limechukua nafasi ya jerimaniamu.
(a) Kokotoa asilimia ya fedha (Sn = 119).
(b) Kwa kutumia jedwali la elementi, eleza kwa nini bati linaweza kukaa mahali hapo.

Jibu la (a) ni 73.5%. La (b) litafute katika kundi la silikoni.